Kiti Kinachotoka Mlangoni

Kaka yangu alitaka paa la kioo. Alitutangazia jambo hilo kwenye kundi la familia la simu asubuhi ya Jumamosi, kabla hata ya salamu, pamoja na picha ya gari jeusi lililoegeshwa kwenye theluji huko Japani. "Paa linafunguka, skrini kubwa, rimu za kung'aa, unaliwasha kwa kubonyeza," aliandika. "Tumalize."

Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Wawi, Pemba. Nyuma ya ukuta nilisikia mkongojo wa mama ukigonga sakafu, kutoka kitandani hadi mlango wa uani, kutoka mlango wa uani hadi kitandani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kutwa. Na gari tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa lake, wala si letu. Paa la kioo lingemsaidia kuona nini, mawingu?

Sisi ni watatu. Kaka ndiye mkubwa, anafanya kazi ofisini Unguja na anavaa tai hata siku isiyo na mkutano. Dada ameolewa Maskati. Mimi ni kitindamimba, niliyeacha skuli darasa la saba kwa haraka ya kuona dunia, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimeosha magari bandarini Dar es Salaam, yale yanayoteremka melini yakiwa bado na harufu ya watu wengine. Nimeshika spana Tanga, nimeuza pweza Mombasa, nimelinda nyumba ya mtu ambaye mpaka leo simjui uso. Kila nilipopita niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Nilirudi Pemba kwa sababu mama aliteleza uani, kwenye sakafu ya kufulia, akavunjika nyonga.

Walimpasua, wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani. Baada ya hapo alitakiwa kwenda hospitali Chake Chake kila Alhamisi kwa mazoezi ya viungo. Mtu wa mazoezi alikuwa mmoja, vyuma vyake vya kushikilia vilikuwa vimechimbiwa pale pale, na wagonjwa walimsubiri kwa foleni. Hakuweza kuja kwetu. Alituambia kwa maneno mepesi kabisa: mguu huu usipofanyiwa kazi utakauka, na ukikauka umekauka. Nyumbani mama aliweza kujikongoja. Shida ilikuwa kupanda na kushuka gari, maana nyonga ilikuwa haikunjiki vizuri.

Alhamisi ya tatu tulikodi teksi, gari dogo la chini. Tulipofika mlango wa hospitali, mimi na dereva tulimshika mama makwapani ili tumtoe. Buibui likanaswa mlangoni. Sisi tukavuta, lenyewe likabaki, na mguu wake ukawa nje mpaka gotini mbele ya benchi zima la wanaume waliokuwa wakisubiri dawa. Mama yangu, ambaye hata mimi niliyekulia nyumbani mwake sijawahi kuuona muundi wake. Alifanya mazoezi, akarudi, akakaa kitandani, akavua mtandio, ndipo akasema, "Mie sitoki tena humu ndani mpaka mnitoe kwa jeneza."

Na Alhamisi iliyofuata hakutoka. Wala iliyofuata hiyo.

Hapo ndipo dada aliposema tununue gari, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, kwa sababu kumbe kununua gari la mtumba kutoka Japani si kununua gari, ni kuchagua vikorombwezo. Gari ni lile lile. Moja lina hiki, jingine lina kile, na kila aliye na simu anajiona ana haki ya kupiga kura.

Dada alituma sauti. Nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombana kwa Kiarabu. "Mie sitaki maneno mengi," alisema, kisha akasema mengi. "Nataka viti vinane. Gari lisilobeba harusi Pemba, gari gani hilo? Mnataka majirani waseme tumenunua gari la kujifungia? Viti vinane, vioo vyeusi, kiyoyozi mpaka nyuma. Basi."

Hakukosea. Kwetu ukiwa na gari, mtaa mzima una gari. Likiegeshwa tu, wiki haipiti bila mtu kubisha hodi na kusema tunalo jambo letu, na jambo hilo ni bibi harusi, au maiti, au mzazi aliyeshikwa uchungu, au mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake wanaokwenda maulidini. Huwezi kukataa. Kwa hiyo watu wa Pemba wakichagua gari humchagulia mgeni kwanza, mwenye gari baadaye. Nilijua hayo. Lakini nilichoka kusikia habari za maharusi wasiojulikana ilhali mama yupo chumba cha pili anahesabu vigae.

Nilikwenda Gombani kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mwenye karakana si mbali na uwanja wa mpira. Ni mtu mnene, mpole, mwenye mzaha wa kuuma. Nilimsomea orodha ya kaka, kitu kimoja kimoja, naye akaendelea kunyonya chungwa.

"Paa la kioo," nilisema.

"Zuri. Masika utaoga bila kuvua nguo. Lile gari la mwalimu pale lina paa la kioo, kaliziba kwa gundi mara nne, sasa anaweka beseni kiti cha nyuma."

"Skrini yenye ramani."

Alicheka mpaka kokwa la chungwa likamtoka. "Njoo uone." Akanipeleka kwenye gari la mteja, akawasha. Ramani ikaja, imejaa barabara na maandishi ya Kijapani, na kijimshale chetu kimesimama mbele ya kituo cha treni. "Huyu bwana mwaka wa tatu huu, kila akienda Konde apitia Japani."

"Kuwasha kwa kubonyeza?"

"Betri ya kifunguo ikifa utabonyeza pua yako."

"Kamera ya nyuma?"

Hapo alifuta mikono. "Hiyo chukua. Vichochoro vyetu vina watoto na mbuzi. Kamera ya nyuma ni kitu cha thawabu." Kisha akaniuliza mwenyewe: gari lina tairi la spea? Maana siku hizi mengine huja na kikopo cha dawa mahali pa tairi, na kikopo hakikutoi Micheweni. Bodi liko juu kiasi gani? Shokamzoba zake zapatikana Chake, au mpaka uagize ng'ambo? Nilijibu yote. Nilikuwa nimesoma kurasa za magari mpaka macho yamevimba. Najua hata alama za Kijapani za kuwasha joto la kiti, kitu ambacho hakina mtu wa kukihitaji kisiwani humu ila labda adui.

"Weye," fundi aliniambia, "wayajua magari yote ya dunia, na huna hata baiskeli."

Niseme kweli: nilivipenda vile vikorombwezo kuliko nilivyokiri kwenye kundi. Nilijifanya mtu wa busara, mwenye kuuliza spea na kimo cha bodi, lakini nilipokuwa peke yangu nilitazama video za milango inayojifungua na vioo vinavyojikunja kama masikio ya mbuzi. Nilikuwa naziangalia mpaka chaji inakwisha. Udadisi wangu haujawahi kunipa kazi ya kudumu, ila haujaniacha nilale.

Ni udadisi huo uliokipata kile kiti. Kilikuwa kwenye picha ya ishirini na tatu ya gari jeupe la familia, gari ambalo kaka alilipita bila kulitazama kwa sababu rimu zake zilikuwa za chuma cheusi. Kiti cha safu ya katikati, upande wa kushoto, kilikuwa kimetoka nje ya mlango na kuning'inia karibu na ardhi, kama mtu aliyekaa kizingitini. Nilitafuta video yake. Kumbe unabonyeza rimoti, kiti kinageuka kutazama mlango, kinateleza nje, kinashuka polepole mpaka chini. Unakaa, kinakupandisha, kinakuingiza ndani, kinageuka mbele. Huko kwao ni kitu cha kuchagua tu unaponunua gari, kama vile mtu anavyochagua rangi. Hakuna makwapa ya mtu kushikwa. Nilisimama barazani nikapiga kelele kama aliyefunga goli. Mama akauliza kutoka ndani kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Hakuna kitu. Hayo ndiyo niliyomjibu.

Nikaituma video kwenye kundi. Kaka alijibu kwa sauti, polepole, kwa ile lugha yake ya ofisini. "Kwanza, hilo ni gari la walemavu. Pili, kiti hicho kimekula nafasi ya watu wawili. Tatu, mitambo hiyo ikiharibika Pemba nani ataitengeneza? Wewe?"

"Mimi na fundi wa Gombani," nikasema.

"Wewe uliyekimbia skuli kabla ya kufika kwenye umeme."

Dada akaingia. "Jamani, watu watasema mama yetu kawa kilema."

"Mama hatoki nje," nikawaambia. "Wiki ya tano hii. Wanaosema watasema nini, na hawamwoni?"

Kisha kaka akaleta gari jingine, la paa la kioo na viti vya ngozi. Viti vya ngozi, kwa joto letu! Nikamwuliza kama anajua ngozi ikikaa juani saa sita mchana inamfanya nini mtu aliyekaa juu yake. Akasema ninaleta ubishi. Nikasema mama atapandaje hilo la viti vya ngozi. Akasema atasaidiwa. Nikamwambia "atasaidiwa" ndilo neno lililomfungia ndani. Akaondoka kwenye kundi. Dada akamrudisha. Tulikwenda hivyo wiki tatu, huku magari mazuri yakinunuliwa na watu wasiokuwa na familia.

Kisha siku moja dada aliandika kitu kimoja tu: "Hicho kiti kinabeba uzito gani?" Nikajua amekuja upande wangu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya pesa, kaka akakubali, kwa sharti moja, rimu zibadilishwe. Nikakubali rimu. Ningekubali hata pembe za ng'ombe.

Gari liliteremka Mkoani. Kaka alivuka nalo kutoka Unguja, na tai yake, akaendesha mwenyewe mpaka Wawi akipiga honi kila penye watu. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, wanaume wametoka msikitini na njia imejaa. Kabla sijaligusa gari, kaka alikuwa amekwisha geuka mwenyeji wa kile kiti alichokitukana wiki tatu.

"Tazameni," aliwaambia watu. Akabonyeza rimoti. Mlango ukajifungua wenyewe. Kiti kikageuka, na hapo ndani ya gari ikatoka sauti ya mwanamke wa Kijapani, kali, ya adabu, ikieleza jambo refu, pii-pii, pii-pii, pii-pii, na kiti kikatoka nje mtupu, kikashuka mpaka karibu na vumbi. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema subhanallah. Mwingine akauliza huyo mwanamke anasemaje, na mwenzake akamwambia, "Asema shika haya yako."

"Mama!" kaka aliita. "Njoo uone kiti chako!"

Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha. Nilikwenda kumchukua. Alikuwa amesimama na mkongojo, anatazama nje kwa upenyo mdogo, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Kinatazama njiani," alisema.

"Eeh?"

"Kiti. Kinatazama njiani. Nikikaa pale nitakuwa nimeelekea watu, miguu yaning'inia, na huyo mwanamke apiga kelele ili asiyekuwepo naye aje. Ndiyo mlivyokaa mkanichagulia hivyo?"

Nilikuwa nimepima kimo cha kiti kwa sentimita. Najua kinabeba uzito gani, kinachukua sekunde ngapi, fyuzi yake iko wapi. Mtoto wa Pemba mimi, wa nyumba yenye pazia mlangoni na ua wa kuzuia macho, sikujiuliza hata mara moja kile kiti kinaelekea wapi. Kule kilikotengenezwa jambo hilo si hoja. Na mimi nimezunguka kwa watu mpaka nikalisahau la kwetu, na kaka na dada nao, kila mtu na lake la harusi na rimu. Wiki zote zile mama alikuwa upande wa pili wa ukuta. Hatukumwuliza.

Kaka alirudi Unguja siku ya pili akiwa amenuna kwa kuwa mama hakutoka. "Nilikwambia," aliniambia bandarini, ingawa hakuniambia hilo hata siku moja. Gari likabaki mlangoni. Jirani wa kwanza alikuja Jumatatu kuliazima kwa ajili ya harusi, akarudi kulalamika kwamba halina nafasi. Alhamisi ikaja, ikapita. Mama akaanza kusali amekaa kitini kwa sababu goti halikubali kukunjika tena. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi kidogo, nikatoka nje, nikalipiga teke tairi la gari, lenye rimu mpya inayong'aa, na nikaumia kidole.

Nikamletea mama fikra nyingine. "Tutakushikia shuka," nilisema. "Wanawake wawili wa jirani, huku na huku, mpaka umeshuka."

Akatikisa kichwa. "Mwanamke hushikiwa shuka akiteremshwa kaburini. Mie mzima."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilitaka kumwambia mguu unakauka, kwamba kuna watu wangetoa jicho kupata kiti kile. Badala yake, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa akili, nikakaa chini sakafuni karibu na kitanda chake nikasema, "Basi mama, wewe wataka nini?"

"Ewaa," alisema. "Sasa umeniuliza."

Hakuwa na mengi. La kwanza, yule mwanamke wa Kijapani anyamazishwe. La pili, gari liletwe kinyumenyume mpaka mlango wake ukabiliane na mlango wa nyumba, ili kupanda kwake kuwe baina yake na kuta. La tatu, huko hospitali nimtafutie mahali pasipopita watu. "Na la nne," alisema, "hicho kidude mnachokibonyeza, kikae mkononi mwangu. Sitaki mtu anipandishe na kunishusha kama ndoo ya kisimani."

Nilimwuliza kama hataki nimwonyeshe kwanza.

"Nilikutazameni dirishani siku ile. Kuna kitufe cha juu na kitufe cha chini. Kina elimu gani?"

Nikalipeleka gari Gombani. Kumnyamazisha yule mwanamke kulituchukua siku mbili, kwa kuwa kila waya tuliokata ulizima kitu kingine. Kwanza zilizimika taa za ndani. Kisha ikazimika kamera ya nyuma, kitu pekee ambacho mimi na fundi tulikubaliana kina maana, ikabidi tuunge upya. Fundi alikuwa chali chini ya dashibodi, tumbo limejaa mlango.

"Yu mkaidi huyu," alisema. "Ningemwoa."

"Kata ule mweusi."

"Ule mweusi ni wa honi. Weye darasa la saba, kaa kimya." Akakata mwingine. Tukabonyeza. Kiti kikatoka kimya, isipokuwa mngurumo mdogo wa mota, kama paka. Tukapeana mikono yenye grisi kama watu waliopatana mahari.

Alhamisi hiyo nililirudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni, nikitazama skrini. Jirani wa kike alikuja kumsindikiza mama kutoka ndani. Mimi niliamriwa nibaki mbele, nitazame mbele. Nikasikia mngurumo, nikasikia jirani akicheka, nikasikia mama akisema "taratibu wewe" kama anayesema na mnyama. Kisha mlango ukajifunga. Alikuwa ndani, ameelekea mbele, buibui limekaa, rimoti mapajani.

"Twende," alisema. "Wangojea nini?"

Njiani aliangalia kila kitu. Alisema nyumba fulani imepigwa rangi mbaya. Aliniambia nizime kiyoyozi nifungue kioo, hewa ya mashine haina harufu. Sikumwambia kwamba kiyoyozi mpaka nyuma kilitugharimu siku nne za ugomvi. Chake kulikuwa na watu wengi, siku ya soko, na mimi kichwani nilikuwa na mahali pangu. Nilikuwa nimekwenda jana yake kwa miguu kukagua: nyuma ya jengo la mazoezi, upande wa ukuta, penye kivuli, hapapiti mtu. Nilikuwa nimehesabu hata hatua.

Pale mahali pamejaa mchanga. Lori zima la mchanga wa kujengea, limemwagwa asubuhi ile, na juu yake mbuzi.

Nilizunguka. Upande wa kulia kulikuwa na magari. Mbele ya mlango mkuu ndilo lile benchi la wanaume. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, karibu na njia ya mteremko ya kuingilia mazoezini, na upande wake wa kushoto, upande wa kiti, ulikuwa umeelekea banda la bodaboda. Madereva kumi na wawili hivi, wamekaa juu ya pikipiki zao, hawana abiria na hawana kazi ila kutazama nani anakuja. Nikazunguka mara ya pili. Mara ya tatu. Wale vijana wakaanza kutufuata kwa vichwa.

"Simama," mama alisema.

"Mama, hapa siyo. Turudi. Alhamisi ijayo nitakuja alfajiri niweke mawe—"

"Simama, mwanangu."

Nikasimama pale pale penye nafasi. Nilikuwa na ghadhabu: kwa mchanga, kwa aliyeumwaga, kwa kaka na tai yake, kwa Wajapani waliokielekeza kiti njiani, na kwa nafsi yangu zaidi. Mlango ukajifungua. Si mimi niliyeufungua. Wale vijana wakamwona mama amekaa ndani.

"Shikamoo bi mkubwa," wa kwanza alisema.

"Marahaba. Hamjambo nyote?"

"Hatujambo."

"Haya. Nataka kushuka. Nipeni migongo."

Walitazamana. Mmoja akataka kucheka, mwenzake akampiga kofi la kisogoni. Kisha wakageuka, mmoja mmoja, wengine juu ya pikipiki kwa shida, wengine wakishuka kabisa, mpaka wote wakawa wameelekea ukuta wa banda, safu ya makoti ya rangi ya machungwa. Muuza maji aliyekuwa akipita akaona wenzake, naye akageuka bila kujua kwa nini.

Nilikuwa nimeshuka kwangu na kuja upande ule. Nilikitafuta kiti kile katika picha elfu, nikakigombania wiki tatu, nikakikatia waya siku mbili. Nilitaka kukiona kikimshusha mama yangu.

"Na wewe," alisema.

"Mama, mimi ni—"

"Na wewe."

Nikageuka. Nikasimama baina ya dereva wa bodaboda mwenye kofia kichwani na muuza maji, pua yangu inakaribia ukuta. Nikasikia mota. Ilinguruma, ikasita. Yule mwenye kofia akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, "Kimekwama?"

"Hakijakwama. Kinageuka. Sekunde nane kinageuka, halafu kinatoka."

"Kinatoka kwenda wapi?"

"Nje. Chini. Nyamaza."

Ikanguruma tena, kwa muda mrefu. Kisha kimya. Kisha sauti ya nguo, na mkongojo ukigusa saruji mara moja, mara ya pili.

"Haya, Mungu akuwekeni," mama alisema.

Tulipogeuka alikuwa amekwisha simama, buibui limeshuka mpaka kisiginoni, anapanda njia ya mteremko kwa hatua ndogo za kukasirika, hatazami nyuma. Nilitaka kumkimbilia. Lakini kiti kilikuwa bado nje, kimening'inia juu ya vumbi, mlango uko wazi wote, na rimoti ameondoka nayo. Bila rimoti kiti hakirudi, na bila kiti kurudi mlango haufungiki. Nilijua hilo vizuri sana. Lipo kwenye ukurasa wa kumi na moja wa kitabu chake.

Kwa hiyo nilibaki pale saa nzima kulinda gari lililotoa ulimi, nikijibu maswali. Kinabeba kilo ngapi. Kinatumia betri gani. Kingewekwa kwenye pikipiki ingekuwaje. Mwenye kofia alikizunguka mara mbili, akakigusa kwa kidole, akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo tu.

Nikamwambia asithubutu.